Mwani wa Kijani Katika Miezi ya Giza

Mwezi wa Juni 2008, wiki chache kabla ya mashindano ya mashua za tanga ya Michezo ya Olimpiki, bahari iliyo mbele ya mji wa Qingdao, China, iligeuka ikawa kama konde la majani mabichi. Mashua hazikuweza kupita. Askari na raia zaidi ya elfu kumi walikusanywa, wakauzoa mwani kwa mikono, kwa nyavu na kwa matingatinga, na hadi kazi ilipokwisha walikuwa wameondoa zaidi ya tani milioni moja. Mashindano yalifanyika mwezi wa Agosti katika maji yaliyosafishwa. Mwaka uliofuata mwani ulirudi, na umeendelea kurudi kila mwaka.

Watu wengi walioandika juu ya tukio hilo waliuliza kwa nini mwani ulikuwa mwingi kiasi kile mwezi wa Juni. Swali hilo ni halali, lakini lipo jingine lililo gumu zaidi na lenye manufaa zaidi: mwani huo ulikuwa wapi mwezi wa Januari? Katika sehemu hizo za dunia maji ya bahari wakati wa baridi hushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, mchana huwa mfupi, na dhoruba hulitibua tope hata mwanga kidogo uliopo usifike chini. Mtu akitembea ufukweni wakati huo huona mwani haba, na pengine asiuone kabisa. Hata hivyo kinachotokea mwezi wa Juni hakitoki patupu. Ni lazima kiwe kimetokana na kitu kilichopita salama katika miezi ile ya giza.

Mmea wenyewe

Mwani unaohusika ni wa jenasi iitwayo Ulva. Si mgeni kwa mwanafunzi wa Mombasa, Tanga au Unguja, kwa kuwa spishi kadhaa za Ulva huota kwenye miamba na mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, mahali maji yanapokupwa na kujaa. Baadhi yake ni kama karatasi laini ya kijani inayopenyeza mwanga. Nyingine ni mirija myembamba yenye uwazi ndani. Zile za mirija ziliwekwa kwa muda mrefu katika jenasi ya peke yake, Enteromorpha, mpaka mwaka 2003 wataalamu walipolinganisha viini vya urithi na kuona kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Linnaeus, aliyeziweka zote pamoja katika karne ya 18, alikuwa amekaribia ukweli kuliko waliomsahihisha.

Kipande cha Ulva cha aina ya karatasi kikitazamwa kwa hadubini ya shule huonekana kina tabaka mbili tu za seli. Hakina mizizi ya kufyonza, hakina mishipa, hakina gome. Kila seli hugusana na maji ya bahari na kujitafutia chakula chake yenyewe. Umbo hilo jepesi ndilo linaloufanya mwani huu ukue kwa kasi kubwa mno pale mwanga na mbolea vinapopatikana, kwa kuwa hakuna tishu isiyofanya kazi ambayo ni lazima ilishwe na nyingine. Lakini umbo hilohilo lingemfanya mtu atarajie mmea dhaifu wakati wa shida. Mti hupukutisha majani ukabaki na shina. Kiazi kikuu hujificha ardhini na akiba yake ya wanga. Ulva haina shina wala kiazi.

Baridi yenyewe inavyosaidia

Kipupwe cha pwani ya Afrika Mashariki hakimsaidii sana msomaji kuipata picha ya majira ya baridi ya kaskazini. Tuchukue Roskilde, ghuba nyembamba ya Denmark, iliyo karibu na latitudo ya nyuzi 55 na nusu kaskazini. Mwishoni mwa Desemba mchana wa huko una saa saba tu, na jua la adhuhuri hupanda nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga unaoanguka mshazari namna hiyo hupotea mwingi juu ya maji, na ule unaoingia ndani hupunguzwa na tope. Katika miaka yenye baridi kali barafu huufunika uso wa maji, na theluji ikianguka juu ya barafu, chini huwa kama usiku.

Mmea ulio gizani hauwezi kufanya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Wakati huohuo seli zake zinaendelea kupumua, na kupumua ni kuichoma akiba. Kwa hiyo swali la uhai ni la hesabu: je, akiba itatosha mpaka mwanga urudi?

Hapa ndipo baridi, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa adui, inapogeuka kuwa mlinzi. Kupumua kwa seli ni mfululizo wa mabadiliko ya kikemia yanayoendeshwa na vimeng'enya, na mwendo wa mabadiliko hayo hutegemea joto. Kwa kadirio la jumla, joto likishuka kwa nyuzi 10, mwendo wa kupumua hupungua hadi karibu nusu. Mwani uliokuwa katika maji ya nyuzi 20 ukiwekwa katika maji ya nyuzi 0, utatumia takribani robo tu ya akiba uliyokuwa ukiitumia kwa siku. Ni sawa na mtu aliyebakiwa na mafuta kidogo katika taa: akiushusha utambi, mafuta yaleyale yatafika alfajiri.

Lipo jambo la pili. Hatua ya kwanza ya usanisinuru, yaani kunaswa kwa mwanga na klorofili, ni tendo la kifizikia ambalo halipungui sana kwa baridi. Mwanga unapokuwa hafifu, kinachoiwekea mipaka kazi hiyo ni uchache wa mwanga, wala si uvivu wa vimeng'enya. Matokeo yake ni kwamba katika maji ya baridi matumizi hushuka sana ilhali mapato, madogo kama yalivyo, hayashuki kwa kiasi hicho. Mwanga kidogo sana, ambao katika maji ya joto usingetosha hata kulipia gharama za kupumua, katika baridi unatosha na pengine kubakiza ziada.

Jan Vermaat na Kaj Sand-Jensen waliyapima mambo haya katika maabara kwa kutumia Ulva lactuca kutoka Roskilde, na wakayachapisha matokeo yao mwaka 1987. Vipande vya mwani vilivyowekwa katika giza na baridi kwa muda wa miezi miwili havikufa. Viliporudishiwa mwanga vilianza kukua tena. Majaribio yao yanastahili kufikiriwa na kila mwalimu wa biolojia, kwa kuwa yanalipindua wazo la kawaida: majira ya baridi yenye joto la kadiri, lakini yenye giza lilelile, yangeweza kuwa mabaya zaidi kwa mwani huu kuliko yale ya baridi kali.

Bila shaka baridi ina madhara yake pia. Utando unaoizunguka seli umejengwa kwa mafuta, na mafuta huganda. Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila chombo chochote cha gharama. Mafuta ya nazi yakiwekwa asubuhi ya baridi, au ndani ya jokofu, huganda yakawa meupe. Mafuta ya alizeti yakiwekwa kando yake hubaki kimiminika. Tofauti inatokana na umbo la molekuli: zile za nazi zimenyooka na hupangana kwa kubanana, na zile za alizeti zina vipindo vinavyozizuia kukaribiana. Mimea na wanyama wanaoishi katika baridi huongeza katika tando zao mafuta ya aina ile yenye vipindo, ili utando uendelee kuwa laini na milango yake ifanye kazi.

Hatari kubwa zaidi huupata mwani unaoachwa mkavu maji yanapokupwa wakati wa usiku wa baridi kali. Barafu hutangulia kufanyika nje ya seli, nayo huyavuta maji kutoka ndani, hata seli ikakauka kana kwamba imeanikwa juani. Mwani wa kijani hujikinga kwa kulimbikiza ndani ya seli vitu vinavyoyashika maji yasitoke na kuzilinda protini zisiharibike. Kimojawapo ni kampaundi yenye salfa ambayo wanakemia huiita kwa kifupi DMSP. Kampaundi hiyo inapovunjika hutoa gesi ambayo ni sehemu ya ile harufu anayoisikia kila mtu anayekaribia bahari.

Msimu wa njaa na shibe

Majira ya baridi yana uso mwingine ambao husahauliwa. Mvua nyingi huzijaza mito, na mito hubeba naitrati kutoka mashambani hadi baharini. Kwa kuwa viumbe wengi wa majini wamelala au wamekufa, hakuna wa kuishindania mbolea hiyo. Kwa mwani, basi, hii ni miezi ya njaa ya mwanga na shibe ya naitrojeni kwa wakati mmoja.

Ulva hufanya kile ambacho mkulima mwenye ghala angefanya. Huipokea naitrojeni ingawa haiwezi kuitumia kwa kukua, na kuiweka katika seli ikiwa naitrati, asidi amino, protini na klorofili. Katika majira ya baridi naitrojeni yaweza kufikia asilimia 4 au zaidi ya uzito mkavu wa mwani. Katikati ya majira ya joto, mwani unapokuwa mwingi na mito imepungua, kiasi hicho hushuka hadi kati ya asilimia 1 na 2. Klorofili inayoongezwa wakati wa baridi ina faida maradufu, maana ni ghala la naitrojeni na pia ni wavu wa kunasia ule mwanga mchache. Ndiyo sababu kipande cha Ulva kinachookotwa mwezi wa Februari, kidogo na kilichochanika, mara nyingi kina kijani kilichokolea kuliko majani mapana ya Julai. Jua la kuchipua likitokea, mwani hauanzi kutafuta mbolea. Unayo tayari.

Maficho

Mwani hulala wapi? Jibu si moja, na hapo ndipo penye ugumu kwa wale wanaotaka kuuzuia.

Namna ya kwanza ni vipande. Dhoruba za mwisho wa mwaka huurarua mwani uliobaki, na mabaki hayo huzama, husukumwa kwenye mabonde ya chini ya bahari, au hufukiwa na tope. Ndani ya tope hakuna mwanga wala oksijeni, na imo gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu. Vipande vingi huoza. Lakini si vyote, hasa vikiwa katika baridi. Nchini Uholanzi, katika Veerse Meer, ghuba iliyotenganishwa na bahari kwa boma mwaka 1961, Pauline Kamermans na wenzake waliuchunguza uwezo wa Ulva kuvumilia baridi na kufukiwa matopeni, wakachapisha kazi yao mwaka 1998. Umuhimu wa kazi ya namna hii ni kwamba inalitazama tope kama ghala la mbegu, wakati wengi huliona kuwa kaburi. Wimbi likilitibua mwezi wa Machi, kipande chenye seli chache zilizo hai kinatosha kuanza upya, kwa kuwa kila seli ya Ulva ina uwezo wa kugawanyika.

Namna ya pili ni vishikizo. Jani la juu likichakaa na kukatika, kile kidoto kidogo kinachoushikilia mwani kwenye jiwe hubaki, na kutokana nacho huchipua jani jipya.

Namna ya tatu haionekani kwa macho. Seli za ukingoni mwa jani hugeuka zikawa spora au gameti, zikatoka na kuogelea kwa vijimkia: spora zina vinne, gameti zina viwili. Zikipata jiwe, gamba la chaza, kamba au hata chembe ya mchanga, hutua na kujishikiza. Halafu huweza kusubiri, zikiwa seli moja au chache tu, hata baridi iishe. Maji na tope la pwani, yakichukuliwa wakati wa baridi na kuwekwa penye mwanga na joto la kadiri katika maabara, huweza kuotesha mwani ingawa mwanzoni hapakuonekana hata uzi mmoja wa kijani.

Si kwamba kila kinachovuka salama hufanikiwa. Heike Lotze na wenzake, waliofanya kazi katika Bahari ya Baltiki upande wa Ujerumani, walionyesha mwaka 1999 kwamba idadi ya spora zinazoota haitoshi kueleza ni mwani gani utatawala. Viumbe wadogo walao mimea, kama konokono na jamaa wadogo wa uduvi, huyala machipukizi yangali machanga, tena huchagua: huupenda mwani wa kijani wa mirija kuliko mwani wa kahawia wenye nyuzinyuzi unaoshindana nao. Kwa bahati mbaya walaji hao nao hupunguzwa na baridi, na mara nyingi machipukizi huamka kabla yao.

Hesabu ya Brittany

Umuhimu wa haya yote unaonekana wazi katika jimbo la Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Huko mwani wa kijani umekuwa ukizijaza ghuba za mchanga, kama ile ya Saint-Brieuc, tangu miaka ya 1970. Ukitupwa ufukweni na kurundikana, juu hufanyika gamba kavu na chini huoza bila hewa, ukatoa haidrojeni salfaidi. Mtu au mnyama akilivunja gamba hilo kwa mguu, gesi humfikia mara moja. Mwezi wa Julai 2009 farasi alikufa papo hapo kwenye ufuko wa Saint-Michel-en-Grève, na mpandaji wake alizimia akaokolewa. Mwaka 2011 walikutwa nguruwe mwitu 36 wamekufa karibu na mlango wa mto Gouessant. Katika tope la mlango huohuo alikufa mtu mwaka 2016, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya utawala ya Nantes iliamua kwamba serikali inabeba sehemu ya lawama.

Katika ghuba hizo mwani haujashikamana na mwamba. Huelea huru katika maji mafupi karibu na ufuko, kwa hiyo mavuno ya mwaka mpya hutegemea vipande vilivyobaki kutoka mwaka uliopita. Majira ya baridi yakiwa na dhoruba nyingi, vipande husukumwa hadi bahari kuu na kutawanyika, na mwani huchelewa kuonekana. Yakiwa matulivu, hubaki ghubani, na fuko huanza kujaa mapema.

Mwanafunzi anaweza kuifanya hesabu mwenyewe. Tuseme mwani huongezeka maradufu kila baada ya siku 4, jambo ambalo si la ajabu kwa Ulva katika hali nzuri. Kilo 1 iliyovuka baridi itakuwa kilo 1,024 baada ya siku 40. Sasa tuseme baridi iliacha kilo 10 badala ya 1. Je, mwani utakuwa mara kumi zaidi mwishoni mwa majira ya joto? La. Ili kilo 1 ifikie kilo 10 huhitaji siku 13 au 14 tu. Akiba iliyozidi mara kumi imeuharakisha mwanzo kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwisho wa ukuaji haupangwi na idadi ya walioanza. Hupangwa na naitrojeni inayoendelea kushuka na mito hadi itakapokwisha.

Watunga sera wengi huyachanganya mambo haya mawili. Kilichovuka baridi huamua tarehe. Naitrojeni huamua wingi. Brittany inafuga zaidi ya nusu ya nguruwe wote wa Ufaransa, na samadi yao pamoja na mbolea za viwandani huishia mitoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 naitrati katika mito ya huko ilikuwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Katika miaka ya 1990 ilipita 50. Baadaye ilishuka hadi thelathini na kitu, kiasi ambacho bado kinautosheleza mwani. Kuuzoa mwani mwanzoni mwa msimu kunaweza kununua majuma machache. Hakuwezi kuushinda mto.

Kamba za Jiangsu

Kwa maelezo hayo tunaweza kurudi China. Watafiti waliufuatilia mwani wa Qingdao kwa picha za setilaiti na kwa sampuli, wakaenda kinyume cha mikondo na upepo hadi kwenye mafungu ya tope ya mkoa wa Jiangsu, kiasi cha kilomita 300 kusini. Huko wakulima hupanda mwani mwekundu wa jenasi Neopyropia, ule unaokaushwa kuwa karatasi nyeusi za kufungia wali. Zao hilo hupenda baridi. Nyavu huwekwa baharini katika majira ya kupukutika, zikiwa zimefungwa kwa kamba kwenye nguzo za mianzi, na huondolewa kati ya Aprili na Mei.

Mafungu ya tope hayana miamba. Kabla ya kilimo hicho kupanuka, spora ya Ulva iliyokuwa ikitafuta pa kujishikiza isingepata pengi. Kamba na mianzi viliipa makao, tena katika miezi ileile ambayo ingehitaji kufichama, na karibu na uso wa maji penye mwanga. Majira ya kuchipua yalipofika, wakulima walizikwangua kamba na kuutupa uchafu wa kijani kwenye tope. Maji yalipojaa yaliuinua. Ulva prolifera ni ya mirija, na mirija yake ikijaa gesi huelea. Upepo wa kusi wa nchi zile ukaisukuma kuelekea kaskazini, ikiongezeka njia nzima.

Mwaka 2020 kamba ziliondolewa mapema kuliko kawaida, na mwani wa mwaka huo ulikuwa mdogo. Wapo waliodhani kwamba tatizo limekwisha. Mwaka uliofuata, 2021, setilaiti zilionyesha mwani ulioenea kuliko mwaka mwingine wowote tangu upimaji uanze. Mito iliyokuwa ikiilisha bahari hiyo ilikuwa ingali ikitiririka na mbolea yake, na katika tope la Jiangsu zilikuwamo spora ambazo hakuna mkulima aliyeweza kuzikwangua.